Nyimbo Mbili za Mama Ngalula

Vijana wa shule ya Biblia, barua yenu imefika. Mnaomba mzee awaandikie kurasa chache za kuwatia moyo kabla hamjatumwa makanisani. Nimeisoma mara mbili, miwani ikiniteleza puani, nikacheka peke yangu hapa uani kwangu, mtaa wa Kenya wa hapa Lubumbashi, ambapo fundi jirani anagonga mabati tangu asubuhi. Kuwatia moyo sijui kama nitaweza. Nimechoka, wanangu. Magoti yamekwisha kwa kukaa kwenye sakafu za watu. Lakini kazi naijua, na kosa langu kubwa nalijua zaidi, basi nitawaandikia hilo. Kiswahili changu cha kuandika nilikipata kwenye Biblia. Watu wangu nitawaacha waseme kama walivyosema, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

Miaka ile nchi ilikuwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na kampuni ya shaba ilikuwa mali ya serikali. Mimi nilichunga kanisa dogo la matofali kando ya kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba. Ninyi mnafikiri kazi ya mchungaji ni kuhubiri. Kuhubiri ni Jumapili, saa moja, na nusu ya watu wanasinzia kwa sababu wametoka kazini alfajiri. Siku zilizobaki ni kupatanisha mume na mke waliogombania redio, kutafuta viti vya harusi, kuwaomba wakubwa wa chama wawaache waimbaji wako wapumzike. Maana waliwachukua, jamani. Mgeni wa chama akija mjini, kwaya yangu ilipangwa barabarani kucheza na kumsifu tangu jua linachomoza, na Jumapili walinirudia sauti zimekauka kabisa.

Hayo yote niliyazoea. Sikuzoea karatasi.

Mtu akifa kazini, ofisi ya kampuni haikumtuma karani kwenda kumwambia mke. Waliwahi kufanya hivyo kambini kwetu, karani akachaniwa shati na kupigwa kiatu, ikaamuliwa kwamba habari hiyo aipeleke mtu wa Mungu. Kwa hiyo niliitwa mimi. Nilipewa karatasi ndogo yenye jina la mtu, namba yake ya kazi, ile ile iliyoandikwa kwenye mlango wa nyumba yake kambini, na saa ya kwenda kuuona mwili hospitalini. Nilitia karatasi mfukoni, nikaenda.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa kijana kama ninyi, nikafikiri huruma ni kusema polepole. Nikamwambia yule mama kwamba mumewe ameumia. Akauliza sana? Nikasema sana. Basi akaingia jikoni, akapika uji haraka haraka, akatia sukari yote iliyokuwa ndani, akafunga sufuria kwa kitambaa, akaniambia twende hospitalini. Nikambebea sufuria. Tulitembea zaidi ya saa nzima, uji wa moto mikononi mwangu, naye akinieleza kwamba mume wake hapendi uji mzito. Kila mti nilisema nikiufikia nitamwambia. Nilifika mlango wa hospitali sijamwambia kitu. Muuguzi ndiye aliyemwambia, mimi nimesimama na sufuria.

Aliyenifundisha kazi hii ni mwinjilisti mmoja wa zamani, Mzee Kasongo, mtu mwembamba, mkali, ambaye hakusoma shule yoyote kama yenu. Nilipomsimulia habari ya uji hakunipa pole. Alisema, "Ile haikuwa uji. Ni uongo ulibeba mu sufuria, na muke ya muntu ukamutembeza nayo mu njia." Kisha akanionyesha namna. Ingia. Usikubali kiti, keti chini, kwa sababu yeye ataanguka chini na haifai akukute juu yake. Taja jina la mume. Sema amekufa, neno hilo hilo, usilivike nguo. Halafu nyamaza. Usiombe kwanza, usisome kitu, nyamaza mpaka yeye aseme. Nimewapa bure mambo ambayo yalinigharimu miaka, yaandikeni mahali.

Nikaanza kufanya hivyo, na kazi ikaenda vizuri, kama neno vizuri linafaa hapo. Lakini kambi nzima ikajifunza viatu vyangu. Nilikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vyenye chuma kisiginoni, vikilia kwenye lami kwa mbali. Nikipita saa za kazi, wanawake waliacha kusonga bukari, ugali wetu, wakasimama kimya mpaka nipite mlango wao. Siku moja nilikwenda kwa mama mmoja kuomba viti vya ubatizo, saa nne asubuhi, bila kufikiri. Akafunga mlango kwa komeo, akanisemesha kutoka ndani, "Baba Pasta, usiingie. Bwana yangu iko mu konje, analala hapa, namuona na macho yangu." Konje ni likizo. Mume akatoka na kaptula, macho yana usingizi, akazunguka mara moja mbele yangu ili nimwone vizuri yuko mzima. Tulicheka wote watatu, lakini viti hakunipa siku hiyo. Nilivua vile vyuma, nikanunua viatu vya raba, na bado walinijua.

Ilichosha. Semeni mnavyotaka kuhusu wito, mimi nawaambia ilichosha. Kuna mtu gani anayependa kuwa habari mbaya inayotembea?

Sasa nisikilizeni jambo la majina, kwa sababu ndipo nilipojikwaa. Serikali ilikuwa imeagiza kila mtu aache jina la ubatizo, lile la kigeni, achukue jina la mababu. Mchungaji akibatiza mtu kwa jina la kale angeweza kulala gerezani. Kwenye karatasi za kampuni, majina yote yalibadilika. Ofisini mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi, na jina la babu yake, na akisahau kuitika, karani alikasirika. Lakini kanisani, mlango ukifungwa, sisi tuliendelea kuitana Filipo, Yakobo, Marta. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Nilisema moyoni kwamba wakubwa wana karatasi zao, mimi nina kondoo wangu, na majina yao mapya sitaki hata kuyajua. Ulikuwa ukaidi, nao nikauita imani.

Kulikuwa na wanaume wawili wa kanisa langu waliofanya kazi kwenye tanuru za kiwanda kile, zamu moja. Filipo na mkewe, Mama Kisimba, walikaa karibu na bomba la maji. Yakobo na mkewe, Mama Ngalula, walikaa milango minne mbele. Mama Ngalula alitoka mkoa wa Kasai na mumewe, mwanamke mnene, mwenye kicheko, ndiye aliyeanzisha nyimbo zetu zote. Akifungua mdomo, hata wanaosinzia walisimama. Filipo aliwahi kuniambia kwa mzaha kwamba ofisini sasa yeye ni Kalenga, jina la babu yake. Hilo nililikumbuka. Jina jipya la Yakobo sikuuliza kamwe.

Asubuhi hiyo niliitwa ofisini kama saa nne. Shaba ya moto ilikuwa imemwagika, mtu mmoja amekufa. Karani, kijana mpole aliyevaa abakosti, lile koti la chama lisilo na tai, iliyombana shingo, akanipa karatasi. Kalenga. Filipo, nikasema moyoni, maskini Filipo. Nilipogeuka, yule karani akaniita, "Baba Pasta, angalia na numero."

Nikamjibu, "Kondoo zangu nabajua kwa jina, hapana kwa numero."

Naye akatabasamu, akadhani nimesema jambo zuri. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Nilitoka pale nimenyooka, najisikia mchungaji wa kweli kati ya watu wa mihuri. Hadi leo nikikumbuka jibu hilo naona aibu.

Nikaingia kwa Mama Kisimba, nikaketi chini, nikasema kama nilivyofundishwa. Filipo amekufa. Amekufa leo asubuhi kazini. Nikanyamaza. Hakukawia, alipiga ukelele mmoja, akavua kitambaa cha kichwa, akaanguka, na nyumba za jirani zikaitikia moja baada ya nyingine. Mnajua wenyewe kilio kinavyoanza kwetu. Nusu saa haikupita, viti na kabati vilikuwa nje, mikeka imetandikwa ndani, wanaume wamewasha moto uani. Mjomba wa Filipo akaja kutoka mtaa wa pili, akashika usukani wa mambo yote. Alitaka kwenda hospitalini mara moja, nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba mwili utaonekana kuanzia saa tisa. Basi akakaa kusubiri, na katika kusubiri akajaribu viatu vya Filipo vya Jumapili, vikamwenea.

Mama Ngalula alikuwa wa kwanza kufika. Alikuja na beseni kubwa la unga kichwani, unga wote aliokuwa nao, akaliweka jikoni, akaingia, akaketi nyuma ya Mama Kisimba, akamkumbatia kama mtoto. Alimbeba hivyo saa tatu nzima. Wengine walitoka kupumzika mgongo, yeye hakutoka. Nilimsikia akimwita yaya, yaani dada mkubwa, akisema, "Lia, yaya. Lia yote. Miye niko hapa, siendi." Nami nikafikiri, mwanamke huyu anaijua kazi yangu kuliko mimi.

Saa nane king'ora cha kiwanda kikalia, zamu ikatoka. Na saa nane na nusu hivi, Filipo akaja.

Alikuja kwa miguu, kopo lake la chakula mkononi, kichwa chini. Akaona viti vyake nje. Akaona moto. Watu wa kwanza waliomwona walikimbia, mzee mmoja akaruka ua wa mianzi kwa namna ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anaiweza. Mama Kisimba alitolewa nje, akamwona, akazimia, akamwagiwa maji, akamwona tena, akamrukia shingoni. Filipo alikuwa akijaribu kusema jambo, lakini nani alimpa nafasi? Wanawake walikuwa juu yake, wanamshika mikono, wanamshika masikio. Jambo pekee lililosikika kutoka kwake ni pale alipomwona mjomba wake, akasema, "Mujomba, toa viatu yangu." Kambi nzima ikaanguka kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo mpaka alipostaafu watu walimwita Mufufuka.

Na Mama Ngalula akaanzisha wimbo.

Sitauandika hapa wimbo gani, mtauimba halafu mtanikumbuka vibaya. Ni wimbo wa shukrani, wa kucheza. Alifunga kitenge kiunoni, akainua mikono, akaingia katikati ya uwanja mbele ya ule moto, na wanawake wote nyuma yake. Vumbi likapanda. Sikuwahi kumsikia akiimba hivyo, wala kabla wala baadaye. Machozi ya saa zile tatu yalikuwa bado yanamtiririka na huku anacheka. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa mume wa mwenzake.

Filipo akajipenyeza mpaka kwangu. Akaniambia sikioni, "Baba Pasta, ni Yakobo. Ku karatasi banamuandikaka Kalenga, sawa miye."

Nikatoa karatasi mfukoni. Namba ilikuwa pale, wino mweusi, safi, imekaa inanisubiri tangu saa nne. Nikaangalia uwanjani. Wanangu, nimekaa kwenye sakafu nyingi, nimewaona watu waliochomwa na shaba, lakini jambo baya kuliko yote niliyoyaona katika kazi hii ni mwanamke mwenye furaha.

Filipo akainua mkono ili wimbo usimame. Nikaushika mkono wake, nikaushusha. Nikamtikisia kichwa. Sikujua ninasubiri nini. Wimbo ukafika mwisho, nikasema sasa. Mama Ngalula akavuta pumzi, akaanzisha wa pili. Nikasimama pale na wimbo wa pili wote, nikimwangalia, jasho linanitoka, karatasi imelowa mkononi. Ninyi mtataka niseme nilimhurumia. Hapana. Niliogopa. Nilitamani hata kukimbia.

Ulipokwisha nilimwita nyuma ya jiko. Akaja anahema, anapangusa uso kwa ncha ya kitenge, akaniambia leo lazima niandae ibada kubwa, ataitayarisha kwaya mwenyewe. Nikaketi chini, hapo hapo kwenye majivu. Aliponiona nimeketi chini, aliiachia ile ncha ya kitenge. Alijua, kama walivyojua wote kambini, pasta akiketi chini maana yake nini.

"Mama Ngalula," nikasema, "bwana yako Yakobo amekufa. Amekufa leo asubuhi ku kazi."

Hakupiga kelele. Aligeuka akaangalia jikoni kwa Mama Kisimba, akasema taratibu, "Bunga yote nilileta hapa. Ku nyumba hakuna."

Ndipo akaketi.

Basi kilio kikahama. Wanaume walichukua magogo yale yale yanayowaka, kila mmoja na lake, wakatembea nayo milango minne, wakayaweka uani kwa Yakobo. Mikeka ile ile ikakunjwa na kutandikwa tena. Mama Kisimba, aliyekuwa mjane dakika chache zilizopita, akaja na maji ya uso wake bado hayajakauka, akaketi nyuma ya Mama Ngalula, akamkumbatia. Na unga uliopikwa kuwalisha waombolezaji wa Yakobo ulikuwa ule wa beseni lake mwenyewe. Mimi nilikula bukari ile. Nilipewa sahani, sikuweza kukataa.

Wiki iliyofuata niliwaambia wazee wa kanisa kwamba naacha kazi. Walinisikiliza, wakaenda kando, wakarudi wakakataa. Msidhani walikataa kwa kunipenda. Mmoja wao alisema waziwazi kwamba nikiondoka, karatasi zitapelekwa na nani? Hakukuwa na mtu mwingine aliyezitaka. Ndivyo nilivyobaki katika utumishi, wanangu, kwa kukosekana mtu wa kunipokea.

Mama Ngalula hakunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu. Alikuja kanisani kama kawaida, akakaa benchi la nyuma, na nyimbo akamwachia mwingine aanzishe. Mjane hakai siku zote kwenye nyumba ya kampuni, akahamia mtaa wa Kenya, chumba kimoja na watoto, akauza mafuta ya mawese sokoni. Nilimsalimu kila nilipopita, aliitika, na mimi niliharakisha hatua. Nilitaka sana aniulize lile jambo la nyimbo, na niliogopa sana aniulize.

Kama mwaka ulikuwa umepita, nilipopewa karatasi nyingine. Nilitoka ofisini nayo, lakini badala ya kwenda kambini miguu ikanipeleka sokoni, sijui kwa nini. Nikasimama mbele ya meza yake kama mteja. Aliona mkono wangu uko mfukoni hautoki. Akauliza, "Ni nani?" Nikamwambia sijui hakika. Nimesoma jina mara kumi na sijui hakika. Akafunga chupa zake, akamwachia jirani meza, akajifunga kitenge vizuri. "Leo miye nitaingia mbele," akasema. "Weye utafuata."

Njiani akaitaka ile karatasi. Hakuwa amesoma sana, lakini namba alizijua. Alikwenda kwanza kwa mama wa nyumba ya jirani, akamuuliza polepole mwenye nyumba tunayoiendea kazini anaitwa nani, kanisani nani, nyumbani kwao nani. Majina matatu. Akalinganisha namba na ile iliyoandikwa mlangoni. Ndipo akaingia, akaketi chini, akasema jina, akasema neno. Mimi nilikaa karibu na mlango. Yule mjane mpya hakunitazama hata kidogo, alimtazama yeye, na yeye akamshika.

Tulifanya hivyo miaka tisa. Hakuwa na cheo kanisani, hakuna aliyemwekea mikono, jina lake halipo kwenye kitabu chochote cha watumishi. Nilijaribu kumwombea nafasi, wazee wakasema tutaona, na mnajua neno hilo likisemwa na wazee wa kanisa maana yake nini. Lakini kambini walimjua. Akiingia na dumu la mafuta kichwani, walimwita kwa furaha toka mbali, wakamtania kuhusu bei. Akiingia bila dumu, milango ilifungwa. Viatu vyangu hakuna aliyeviogopa tena, watoto walinikimbilia hata saa nne asubuhi. Nililala vizuri miaka hiyo, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini. Woga wote uliokuwa wangu alikuwa ameuchukua yeye, akaubeba bila kuniambia. Nilipoelewa nililia, mtu mzima, mbele ya mke wangu.

Mnauliza katika barua yenu thawabu za kazi hii ni zipi. Nimepewa viazi vitamu vingi. Nimepewa kuku mmoja aliyenirukia na kutoroka kabla sijafika nyumbani. Na nina siku moja kwenye stesheni ya treni.

Mwanawe wa kwanza alikuwa amepata kazi Mwene-Ditu, kule kwao Kasai, akamwita mama yake akakae naye. Nilimsindikiza. Treni ilitakiwa kuondoka asubuhi, na kama treni zetu zote, ilikuwa bado haijafikiria jambo hilo hata saa saba mchana. Tulikaa juu ya mifuko yake, tukala karanga, tukazungumza habari za watu. Halafu akakunja karatasi ya karanga vipande vidogo vidogo. Nikajua limefika.

"Baba Pasta. Ile siku nilicheza. Ulikuwa umeisha kujua?"

Ningeweza kukataa. Filipo peke yake alijua, na Filipo asingesema. Nilikuwa nimelitayarisha jibu hilo la uongo kwa miaka kumi, tamu, limeiva, la kumwacha mtu asafiri kwa amani. Nikakumbuka sufuria ya uji.

"Nilikuwa nimeisha kujua," nikasema.

"Ukaniangalia tu."

"Nikakuangalia tu. Na haikuwa huruma, Mama. Ni woga. Niliogopa kukuambia."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari anayoijua. Watu walikuwa wanaanza kusimama, injini imepiga honi. Akajifunga kitenge, akashika mfuko mmoja, akauliza, "Nilicheza nyimbo ngapi?"

"Mbili."

Akafikiri. Uso wake, wanangu, nauona sasa hivi ninapoandika. Akatazama mbele, akahesabu kitu kwa vidole chini ya kitenge, kisha akaniangalia, na kile kicheko chake cha zamani kikataka kutoka, kikafika nusu.

"Mbili tu," akasema. "Ungeniachia hata tatu."

Akapanda. Nikampitishia mifuko dirishani. Treni ikaondoka kwa kusuasua, nami nikatembea sambamba nayo mpaka mwisho wa jukwaa, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sijamwona tena. Barua ilikuja mara moja, ya mwanawe, ikisema mama amepumzika. Mimi bado nakwenda kanisani kila Jumapili, nakaa benchi la mbele kwa sababu ya masikio. Kwaya ikimaliza nyimbo zake mbili za shukrani na kutaka kuketi, nagonga fimbo sakafuni, naomba wa tatu. Mchungaji wetu kijana anaangalia saa yake. Waimbaji wanacheka, wanasema huyu mzee anapenda muziki, na wananiimbia.